Dakika Sita na Sekunde Kumi

Jumanne ni siku ya mnada Dongobesh, na siku ya mnada hata mbuzi wana nidhamu ya foleni kuliko watu. Kwenye bohari ya dawa za mifugo ya ushirika foleni ilianzia dirishani ikaishia kwa muuza viatu vya mitumba, mpaka yule muuzaji akaanza kudhani wateja wote ni wake. Dirishani alikaa Fransiska, binti wa kijiji cha Nambis, ndani ya sweta la kijivu la marehemu mama yake, lenye mikono iliyokunjwa mara mbili. Alikuwa anaangalia kompyuta ikizungusha kile kiduara chake.

"Inatafuta," alisema, kama alivyosema tangu asubuhi.

"Inanitafuta mimi?" akauliza mwanaume aliyefika dirishani. "Mbona niko hapa hapa, dada?"

Fransiska akainua macho. Jamaa mrefu, koti la mvua la rangi ya chungwa, buti za mpira zilizoganda vumbi la bondeni. Mkononi alishika boksi la baridi, lile la kubebea chanjo, na kona yake moja ilikuwa inadondosha maji sakafuni, tone, tone.

"Jina?"

"Gervasi. Mchanjaji wa Yaeda Chini. Nachanja kuku, mbuzi na ng'ombe. Binadamu bado sijaruhusiwa."

Mzee Felician, aliyekuwa nyuma yake na kondoo mgonjwa begani, akacheka mpaka kondoo akatikisika. Fransiska hakucheka, ila hakukasirika pia. Tangu mama yake azikwe masika ya mwaka jana, mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unautembelea, lakini hausikii kitu. Watu walimsifu kwa ujasiri. Msibani hakulia. Alipika, akaosha sufuria, akarudi kazini Jumatatu, na tangu hapo alikuwa anarudi kazini Jumatatu zote.

"Leo Mbulu mjini hakuna umeme, ndiyo maana nimekuja kwenu," alisema Gervasi. "Nahitaji orodha yangu ya kaya, na sindano. Hicho kiduara kinazunguka muda gani?"

"Mpaka kichoke."

"Basi ngoja nikae nacho."

Akakaa juu ya gunia la pumba, boksi magotini, akaanza kuongea. Alimweleza habari za kuku wa Yaeda aliyepanda mti akakataa chanjo, na yeye mchanjaji akapanda kumfuata, kisha kuku akashuka na yeye akashindwa kushuka. Orodha ilipotoka, Fransiska aligundua kwamba alikuwa amesikiliza. Lilikuwa jambo dogo, lakini kwa muda mrefu maneno ya watu yalikuwa yanampita kama redio ya jirani.

Jumanne iliyofuata Gervasi akaja tena, na ile nyingine, na ile nyingine.

"Mama Kompyuta, hujambo?"

"Sijambo. Mimi siyo mama wa mtu."

"Haya, Mpenzi Kompyuta."

"Rudi kwenye Mama."

"Umeona, leo umejibu haraka kuliko mashine!"

Raudha, aliyeuza kanga, vitenge na juisi za barafu duka la jirani, alikuwa anasikia yote kupitia ukuta wa mbao. Familia yake ilitoka Katesh na biashara walizaliwa nayo, kwa hiyo bidhaa yoyote aliijua thamani yake kwa kuitazama mara moja. Huyu wa koti la chungwa alimpa alama nzuri.

"Fransi," alimwambia mchana mmoja, ametundika kitenge cha njano begani, "huyo kaka anakupenda."

"Anasubiri orodha."

"Watu wote wanasubiri orodha. Wanasubiri wakinuna."

"Sijui, Raudha. Sisikii kitu. Akija ni sawa. Akiondoka ni sawa."

"Na Jumatatu jioni mbona unafua sweta?"

Fransiska alikuwa anafua tu.

Jumanne ya saba Gervasi alifika bila mzaha. Alivua kofia, akakaa juu ya gunia, akaanza kuchezea mfuniko wa boksi.

"Kuku wa mama Agatha kule bondeni wamekufa," alisema. "Arobaini na wawili. Nilimchanjia wiki mbili zilizopita, na ugonjwa wa kideri umepita nao vilevile. Chanjo ilikuwa imeshapata joto, barafu iliisha kabla sijafika bondeni." Akajaribu kutabasamu. "Ananiita mchanja maji. Jina limeshika. Hata watoto wa shule wananiita hivyo."

Kiduara kikazunguka. Maji ya boksi yakadondoka, tone, tone. Fransiska akayaangalia, na mahali fulani chini ya mbavu akasikia kitu kama mchomo wa ganzi inayotaka kutoka. Barafu ilikuwa inaisha hapa. Inaisha mbele ya dirisha lake, yeye akiwa anasema "inatafuta."

Jamaa alipoondoka, akampigia simu Wolfgang wa Babati, aliyewawekea ule mfumo. Kaka huyu jina alipewa na padri Mjerumani, na kwa kompyuta alikuwa mkali kama huyo padri.

"Inachukua muda gani kumpata mtu mmoja?" aliuliza Wolfgang.

"Muda mrefu."

"Muda mrefu siyo kipimo, ni malalamiko. Pima na saa ya simu, nipigie."

Akapima. Dakika sita na sekunde kumi. Akaandika kwenye daftari, kisha akaitazama ile namba. Kumbe ndiyo urefu wake. Vicheko vyote, kuku wa juu ya mti, Mama Kompyuta, vyote vilikuwa vinaingia humo.

Jumamosi bohari ilipofungwa mchana alibaki peke yake, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, Wolfgang akiwa hewani.

"Kabla hujagusa kitu, umefanya nini?"

"Nimetoa nakala ya data yote."

"Iko wapi?"

"Kwenye flashi."

"Na flashi?"

"Imechomekwa kwenye kompyuta."

"Kwa hiyo kompyuta ikiungua, inaungua na nakala yake. Chomoa. Umejaribu kuifungua kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka?"

Hakuwa amejaribu. Akaenda kuijaribu kwenye kompyuta ya meneja. Ikafunguka. Akaiweka mfukoni mwa sweta.

"Sasa, mna mifugo mingapi humo?"

"Laki moja na tisini elfu."

"Bohari moja haiwezi kuwa na mifugo yote hiyo! Wangapi wako hai?"

Kumbe miaka minane hakuna aliyewahi kuondoa mnyama. Mbuzi waliochinjwa harusini, ng'ombe waliouzwa mnadani, wote walikuwa bado wanapekuliwa mmoja mmoja kila mtu akiomba sindano. Fransiska akawahamishia kwenye jedwali la kumbukumbu za zamani. Hakuwafuta. Wolfgang alisisitiza hilo: kuhamisha ni kuweka pembeni, siku ukiwahitaji unajua walipo. Alipokuwa anawahamisha, Fransiska akajikuta amelishika sweta lake kifuani.

"Pima tena. Ukibadilisha kitu kimoja unapima, ndipo unakwenda kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichokusaidia."

Dakika nne.

"Sasa faharasa. Kanisani ukitaka wimbo, unaanza ukurasa wa kwanza?"

"Naangalia orodha ya nyuma."

"Mashine yako inaanza ukurasa wa kwanza kila siku, masikini. Itengenezee orodha ya nyuma, ya jina na kata. Hizo mbili tu. Ukiweka faharasa kwa kila kitu, siku ya kuingiza mbuzi mpya itabidi aandikwe kote, utaona inavyokuwa nzito."

Akatengeneza. Akaandika jina, akabonyeza, akaanza kuhesabu kwenye simu. Hakufika moja.

"Wolfgang, imeharibika."

"Kwa nini?"

"Imejibu."

Wolfgang akacheka mpaka chupa ya chai ikatetemeka. "La mwisho, dada yangu. Usiombe kila kitu. Skrini yako inaleta safu thelathini na mbili. Chagua unazozisoma kweli, nyingine ziache zilale. Na kila Ijumaa utoe nakala na kuangalia nafasi ya diski. Mfumo ni kama shamba, ukigeuka tu magugu yanarudi."

Akachagua safu nne: jina, kata, idadi ya kaya, kituo cha kuchukulia.

Jumanne hiyo Gervasi alifika, akaweka boksi chini, akaanza kukaa.

"Mama Kompyuta, wiki hii kuna punda mmoja…"

"Orodha yako hii hapa."

Mikono ya Gervasi ilikuwa bado magotini, nusu amekaa, nusu amesimama. "Tayari?"

"Tayari. Na sindano hizi."

"Mbona haraka?"

"Nimeitengeneza."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi."

Alitakiwa kumwambia, *kwa ajili ya barafu yako.* Maneno yalikuwepo, lakini midomo ilikuwa imelala kama viungo vingine. Gervasi akazitazama karatasi, akazitazama na watu wa nyuma yake, ambao kwa mara ya kwanza hawakuwa na sababu ya kumvumilia.

"Haya," alisema. "Hongera. Basi… haya."

Punda wake akaondoka naye bila kusimuliwa.

Jumanne iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Foleni ilikuwa inaisha saa nne asubuhi. Meneja alimsifu, muuza viatu akalalamika wateja wamepungua. Fransiska alikaa mbele ya mashine isiyozunguka tena, na kwa kuwa sasa alikuwa na muda, akamtafuta Gervasi. Nusu sekunde. Safu nne. Akasoma ya mwisho, ambayo siku zote ilikuwa imefichwa huko kulia nyuma ya nyingine ishirini na nane.

*Kituo cha kuchukulia: Mbulu mjini.*

Akasoma tena. Umeme ulikatika Mbulu siku ile moja tu. Jumanne zilizobaki orodha yake ilikuwa inamsubiri Mbulu, palepale anapochukulia chanjo, na yeye alikuwa anapanda pikipiki na boksi lake mpaka huku.

Akatoka, akasimama mlangoni kwa Raudha.

"Yule kaka alikuwa na lazima gani ya kuja hapa?"

Raudha akaacha kukunja vitenge. "Ndiyo leo unauliza? Kila Jumanne akitoka kwako ananunua kwangu barafu nyingine, anajaza boksi upya. Ya kutoka Mbulu yote ilikuwa inayeyukia kwenye magoti yake. Alinikataza nisikuambie."

"Na kuku wa mama Agatha?"

Raudha akainamisha uso. "Wiki ile nilikwenda Katesh, harusi ya kaka yangu Abdulswamad. Nilifunga duka."

Fransiska alirudi dirishani. Namba ya simu ilikuwa kwenye zile safu zilizolala, na yeye hakuwahi kumpigia hata siku moja. Akazifungua, akapiga. Iliita muda mrefu.

"Haloo! Ongea upesi, niko juu ya jiwe, ndipo penye mtandao, na nyani wenye jiwe wananiangalia!"

"Ni Fransiska."

Upepo ukavuma simuni.

"Mama Kompyuta. Kuna makosa kwenye orodha?"

"Kituo chako ni Mbulu."

"Ah. Umeona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Nilikuwa na dakika sita zangu kwa wiki. Mtu akakaa akazitengeneza zikaisha. Nikasema sawa, Gervasi, umeelezwa kwa ustaarabu. Wengine wanafukuzwa na mbwa, wewe umefukuzwa na sistimu."

"Barafu yako ilikuwa inayeyuka."

"Nini? Rudia, nyani huyu…"

"Barafu!" Fransiska akasikia sauti yake imepanda, na mzee Felician kule nje akageuka. "Niliitengeneza kwa ajili ya barafu yako, wewe mwanaume! Ili usiitwe mchanja maji! Sikujua kusema. Tangu mama afariki sijui kusema kitu. Kwa hiyo nilitengeneza."

Kisha Gervasi, kwa sauti ya chini, kama hayuko juu ya jiwe tena:

"Jumanne nije?"

"Njoo na boksi."

Jumanne akaja. Koti limefuliwa mpaka chungwa likawa embe. Fransiska alikuwa na sweta lilelile, ila kichwani alifunga kitenge cha njano ambacho Raudha aliapa kwamba hajampa, kimepotea tu dukani. Kabla Gervasi hajafungua mdomo, Fransiska akanyoosha mikono dirishani.

"Lete boksi."

Akalipeleka kwenye friji ya bohari, friji iliyokuwa hatua nne nyuma ya kiti chake muda wote huo. Akahamisha chanjo moja moja. Barafu ilimng'ata vidole, na hakuondoa mkono. Aliuacha uumwe mpaka machozi yakamtoka, na alipoanza hakuweza kuyakatiza mara moja. Akasimama pale, uso ndani ya friji, mpaka yalipotosha. Kisha akajifuta kwa mkono wa sweta na kurudi dirishani.

Gervasi aliona macho yake, hakuyataja. Alivua kofia.

"Fransiska. Nikituma wazee Nambis kwa baba yako, watapokelewa?"

Fransiska akaandika jina lake kwenye mashine. Orodha ikatokea papo hapo, safu nne, safi. Akaigeuza skrini ielekee ukutani.

"Kaa," alisema. "Inatafuta."

Gervasi akaitazama skrini iliyogeuzwa. Taratibu akakaa juu ya gunia la pumba, kofia magotini.

"Kwa muda gani?"

"Dakika sita na sekunde kumi."

"Haya basi. Kulikuwa na punda mmoja…"

"Jamani!" Mzee Felician alipiga ukuta kwa fimbo kutoka kwenye foleni. "Si tuliambiwa hii mashine imetengenezwa?"

"Shikamoo, mzee," alisema Fransiska bila kumgeukia. "Imetengenezwa. Tuvumilie kidogo."

Akamsikiliza punda mpaka mwisho. Simu aliyoitega ilipolia kwamba muda umetimia, akaizima.

"Waje Jumapili," alisema, "baada ya misa. Na useme wavae makoti, Nambis kuna baridi."