Walioitika Kisiwani

Béatha hakwenda kisiwani kutalii. Alikwenda kupima nguzo. Wakubwa wa hifadhi walitaka turubai la kuwakinga wageni na jua wanaposhuka mashuani, na kazi hiyo aliipata yeye, fundi cherehani wa Remera, Kigali. Alipofika ziwani jua lilikuwa linashuka. Nyuma yake alikuja binti yake, Gaju, futi mkononi na begi la nguo mgongoni.

Begi halikuhusu turubai. Wakimaliza kupima, Béatha angempeleka Gaju kwa shangazi yake, mjini Kayonza, amwache huko na mimba yake. Mpaka lini, hakusema. Tangu alipoijua ile mimba, alimsemesha mwanawe maneno ya lazima tu. Kula. Shika. Twende.

"Mama Gaju, karibu," alisema Munyakazi, mwendesha mashua, mtu mzima aliyekulia Karagwe na kurudi na Kiswahili chake. "Tufanye haraka. Kule hakuna mtu anayeishi. Hata askari wa hifadhi hawalali kule."

"Mnaogopa viboko?"

"Viboko tumezoeana." Akavuta kamba ya injini. "Jambo moja tu. Ukiwa kule, usimwite mtu kwa jina. Jina likisikika kule, linabaki."

"Mimi ni mlokole, muzee. Niko na Yesu."

"Sawa. Naye usimwite kwa sauti kubwa."

Gaju akacheka. Mama yake akamtazama, kicheko kikafa.

Kisiwa kilinuka mafunjo yaliyooza. Halafu Béatha akasikia harufu nyingine, akasimama. Siagi. Siagi ya ng'ombe iliyokaa sana, ile waliyojipaka wasichana wa zamani. Lakini kisiwani hapakuwa na ng'ombe.

"Shika pale," akamwambia Gaju.

Gaju akashika ncha ya futi kwenye nguzo ya mwisho, karibu na majani marefu. Béatha akashika ncha ya huku, akainama kusoma. Giza lilikuwa limeanza kuingia na namba hazikuonekana vizuri. Akawasha tochi ya simu.

"Vuta kidogo."

Futi ikavutwa.

"Vuta tena."

Ikavutwa. Kwa nguvu. Ikamponyoka kidogo vidoleni.

"We! Taratibu!"

Akainua macho. Kwenye nguzo hapakuwa na mtu. Futi ilipita nguzo, ikanyooka, ikaingia ndani ya majani. Huko ndani kuna mtu alikuwa ameishika.

Béatha akafungua mdomo aite jina, akakumbuka. Akalimeza.

"Mwanangu!" akaita. "Mwanangu, njoo turudi nyumbani!"

"Karame!"

Watoto wa Kigali hawaitiki hivyo. Gaju ukimwita husema "ee?", macho kwenye simu. *Karame* ulikuwa mwitikio wa enzi za bibi yake Béatha, mwitikio wa watoto waliofunzwa kumtakia mzazi maisha marefu kila walipoitwa.

"Karame..."

Hiyo ilitoka kwenye mafunjo, kushoto.

"Karame."

Hiyo ilikuwa nyuma yake. Karibu.

Ikafuata nyingine, ndogo, yenye mapovu, kutoka majini.

Upande wa kulia kichaka kikatikisika. Gaju akatokea akijipangusa mdomo. Kichefuchefu kilikuwa kimempeleka huko kutapika.

"Mama..." akanong'ona. "Nani wameitika?"

Béatha akaiachia futi. Akamshika mwanawe mkono, wakakimbia.

Walipopanda, mashua ikazama chini kidogo. Ikatulia. Ikazama tena. Na tena, mpaka maji yakawa karibu kuingia. Munyakazi hakuwatazama wao. Alitazama mabenchi matupu nyuma yao.

"Mmepanda na nani?"

"Ondoa mashua, muzee!"

"Ulimwita nani, mama?"

"Sikutaja jina. Nimesema 'mwanangu', turudi nyumbani. Basi."

Munyakazi akashika kichwa. "Ayiwe..."

Injini ilikohoa sana kabla ya kuwaka. Walikwenda polepole, na yeye akasema kwa sauti ya chini, uso mbele. Zamani msichana akipata mimba kwao kabla ya kuolewa aliletwa huku. Mama yake ndiye aliyemsindikiza. Alimwambia kaa hapa, nitakuja kukuita.

"Kila aliyeachwa kule ni mwana wa mtu," alisema Munyakazi. "Nawe umewaita."

Gaju alianza kulia bila sauti. Béatha alitazama lile begi miguuni pa mwanawe, akashindwa kuliondolea macho.

Nchi kavu, wao wawili wakashuka. Mashua ikainuka kidogo. Ikatulia. Ikainuka tena. Kando ya njia majani yakalala, mstari mmoja, mwembamba, kuelekea barabarani. Harufu ya siagi ikawapita.

Basi liliposimama Kayonza, Gaju akanyanyuka na begi lake. Béatha akamvuta chini.

"Mama, si nashuka hapa?"

"Kaa."

"Na shangazi?"

"Nimesema kaa, Gaju. Tunarudi nyumbani."

Gaju akamlalia begani. Béatha hakumsogeza, ingawa bega lilimuuma njia nzima.

Jioni iliyofuata mvua ilinyesha Remera. Gaju alikuwa mezani anamenya ndizi, mama yake anapuliza mkaa, wakibishana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, tena kuhusu chumvi. Mlango ukagongwa.

"Nani?" aliuliza Béatha.

Chini ya mlango maji yaliingia, meusi, na kipande cha jani la funjo.

Gaju akaweka kisu chini. "Mama, usifungue."

Béatha alisimama katikati ya chumba. Akataka kuwaambia kwamba yeye hawajui, waende kwao. Lakini walikuwa na kwao, na huko ndiko walikotolewa. Nje alisikia pumzi nyingi, na mtoto mchanga akibembelezwa anyamaze.

Mlango ukagongwa tena, taratibu, jinsi anavyogonga msichana anayejua amekosa na hana pengine pa kwenda.