Muhuri wa Korpholmen

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, Nasma bawabu alikuta kabati la kioo limeachwa wazi katika mnara wa ngome ya Korpholmen, ughaibuni. Muhuri wa shaba wa mabwana wa ngome, ulionusurika moto na vita tangu mwaka 1390, haukuwamo.

"Wageni wanafika saa nne," alisema meneja. "Usipopatikana, naita polisi. Na Felicia kazi ndiyo basi." Funguo za kabati alikabidhiwa Felicia, msichana wa kitongoji cha Alby, kiongozi mpya wa ziara za Kiswahili.

Nasma, aliyewahi kufundisha Kiswahili Korogwe, alifunga lango. "Usimwambie mtu kilichopotea," alimwambia meneja.

Alianza na Zacharie, mfagizi kutoka Bukavu.

"Kaka, kuna kitu kimepotea mnarani."

"Miye sikupanda, mama. Niko napiga deki ukumbini toka asubuhi. Angalia, maji haijakauka."

Kweli, sakafu ilikuwa chepechepe.

Kisha Nasma alimkuta Felicia akivaa beji.

"Kuna kitu kimepotea mnarani."

"Mimi sikuichukua, shangazi. Funguo niliacha mezani, nikaenda kutundika koti."

"Mezani? Mtama huo umewamwagia kuku, mwanangu."

Kando ya meza hiyo aliketi Gervas, mkazi wa Vällingby, kofia ya sufu kichwani. Kabla ya Felicia, ziara hizo aliziongoza yeye miaka kumi na mmoja.

"Kaka Gervas, kuna kitu kimepotea mnarani."

"Mimi sikuuchukua. Muulize huyo mtoto wako anayesema 'mnara hii'."

Nasma akacheka kidogo. "Hukuuchukua nini?"

"Hicho kitu."

"Kitu ungesema sikukichukua. Felicia kwake kila kitu ni 'i', hata jiwe. Wewe ngeli hukosei hata usingizini. Huo 'u' ni wa nini?"

"Ufunguo."

"Ufunguo upo. Vua kofia, mwalimu."

Muhuri ulidondoka, ukabingirika hadi miguuni pa meneja, aliyekuwa amefika mlangoni.

"Wamenibadilisha na mtoto asiyejua kusema," Gervas alinong'ona. "Nilitaka aharibikiwe, waje kuniomba nirudi."

Meneja alimwambia akae pale pale, akapiga simu polisi. Nje wageni walikuwa wameshapanga foleni. Felicia alifuta macho, akamsogelea Gervas.

"Mjomba, ile moto ilianzia wapi? Nimesahau."

Gervas alifungua kinywa amsahihishe, akakifunga.

"Jikoni," alisema. "Waambie jikoni."