Mama Satoru Ajifunza Kuweka X

Kabla jua halijatoka, Tomeyo Hiraoka alikuwa amekwisha kusaga soya yake. Mji wote wa Hanapepe, kisiwani Kauai, ulimjua kwa tofu, ile jibini ya soya aliyoitengeneza mwenyewe, nyeupe na laini. Watu walimwita Mama Satoru, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mumewe, Genichi, alipeleka oda kwa gari, akajisifu njia nzima kwamba biashara ni yake. Mama Satoru alimwacha ajisifu. Tofu ikichacha, lawama nazo zilikuwa za Genichi.

Ukutani palikuwa na ubao wa oda. Mteja anayetaka tofu aliwekewa duara mbele ya jina lake. Asiyetaka aliwekewa X. Hivyo ndivyo mume na mke walivyofundishwa shuleni Japani walipokuwa watoto. Duara maana yake ni ndiyo, ni sawa, ni nzuri. X maana yake ni hapana.

Huo ulikuwa mwaka 1960, na Novemba ilikuwa imeingia. Hawaii ilikuwa imefanywa jimbo la Marekani mwaka uliotangulia. Sasa, kwa mara ya kwanza, watu wa visiwa hivyo wangempigia kura rais. Mama Satoru alikuwa na miaka sitini na mitatu, na hakuwa amepiga kura yoyote maishani. Kwa miaka mingi sheria haikuwaruhusu waliozaliwa Japani kuwa raia. Sheria ilipobadilika, alijiandikisha darasa la watu wazima. Alijifunza kusoma Kiingereza, neno moja moja, mikono ikinuka soya. Mwaka huo wa 1960 ndipo alipopata uraia na kuandikishwa kuwa mpiga kura. Cheti chake alikitundika juu ya jiko, moshi ukitaka na ukichafue.

"Mimi ni wa Nixon," Genichi alisema wakinywa chai. "Amekuwa makamu wa rais miaka minane. Kazi anaijua."

"Mimi ni wa Kennedy," alisema Mama Satoru. "Alikuwa askari vitani, akaumia mgongo, kama Satoru wetu."

"Kwa hiyo unachagua rais kwa mgongo?"

"Wewe ulichagua mke kwa mapishi. Umejuta?"

Genichi aliinua kikombe, akanywa chai yake yote.

Gazeti lilikuwa limechapisha mfano wa karatasi ya kura. Mama Satoru aliukata kwa mkasi, akafanya mazoezi. Mbele ya Kennedy aliweka duara zuri la mviringo. Mbele ya Nixon akaweka X. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, kama mtoto anayejua mwalimu anamtazama.

Jioni hiyo jirani yao, Bi Hana Kaleikini, alikuja kununua tofu. Alikuwa mwalimu mstaafu, na siku ya uchaguzi angekuwa karani wa kituo cha kupigia kura. Mama Satoru alimwonyesha karatasi yake kwa fahari.

Bi Hana aliitazama mara moja, akayafunika majina kwa kiganja.

"Dada Tomeyo, unayempenda ni siri yako. Sitaki hata kumjua. Lakini hizi alama mbili umeziweka za nini?"

"Duara kwa ninayemtaka. X kwa nisiyemtaka."

Bi Hana alivuta kiti akakaa. "Basi ungempa kura usiyemtaka."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Hapa kwetu X ndiyo inayochagua. Karani akiona X, anasema huyu ndiye aliyechaguliwa. Au akiona alama mbili, anaiweka karatasi pembeni, haihesabiwi kabisa. Kwa vyovyote vile, mtu wako hapati kitu."

Mama Satoru alihisi uso ukimwaka. Miaka yote ya kusubiri, masomo yote yale, halafu kura yake iende kwa mtu mwingine au itupwe. Aliogopa kweli.

Kisha akasikia ukimya nyuma yake. Genichi, mtu asiyenyamaza, alikuwa amenyamaza. Alikuwa amepata uraia kabla ya mkewe, na mwaka uliopita alikuwa amekwisha kupiga kura moja, ya kumchagua gavana.

"Baba Satoru," mkewe alimgeukia polepole. "Mwaka jana uliweka nini?"

"Niliweka alama."

"Alama gani?"

Genichi alijikuna kichwa. "Duara kwa mtu wangu. Na kwa yule mwingine..." Hakumaliza.

"Na mwaka mzima umetukana watu humu ndani, eti wajinga wamemwangusha mtu wako!"

Bi Hana alijaribu kutocheka, akashindwa. Mama Satoru naye akacheka hadi akashika meza. Mwisho Genichi mwenyewe aliungana nao, ingawa masikio yake yalikuwa mekundu.

"Msione haya," Bi Hana alisema. "Hata mimi, ambaye babu wa babu yangu alizaliwa hapa, sijawahi kumpigia kura rais. Sote tunaanza. Hebu tujaribu bila majina ya watu."

Alichukua karatasi, akaandika Wali, na chini yake Poi, ule uji mzito wa magimbi. Mbele ya kila neno alichora kisanduku.

"Chagueni chakula. X moja tu, ndani ya kisanduku. Usiandike jina lako, usichore kitu kingine. Kisanduku cha usichokitaka kiache kitupu."

Mama Satoru alishika penseli. Alitaka wali. Mkono ulianza kuzunguka wenyewe, akausimamisha. Kuweka X juu ya wali kulimuuma. Ilikuwa kama kuutukana.

"Wali nisamehe," alinong'ona, akaweka.

"Na ukikosea siku yenyewe, usifute," Bi Hana aliongeza. "Usiitumbukize sandukuni pia. Ikunje, uirudishe kwa karani, uombe nyingine. Ni haki yako. Lakini ikishaingia sandukuni, haitoki."

"Nitawasumbua watu."

"Tumewekwa pale tusumbuliwe."

Kila jioni walifanya mazoezi. Walipigia kura wali, samaki, mvua na jua. Jumanne ya uchaguzi ilipofika, Mama Satoru alivaa gauni lake la kanisani, akapanga mstari shuleni pamoja na mumewe. Nyuma yao alisimama mnyapara mstaafu wa shamba la miwa, mzee wa Kireno mwenye sauti nzito. Mama Satoru alikuwa amekata miwa chini yake ujanani, na mpaka leo akimwona mgongo ulimnyooka wenyewe.

Alipewa karatasi, akaingia kibandani, akavuta pazia. Akaliona jina la Kennedy. Alishika penseli, na kabla hajafikiri, mkono uliozoea ubao wa oda ukafanya kazi yake.

Duara. Zuri la mviringo.

Alisimama akiitazama karatasi. Angeweza kuongeza X juu yake. Angeweza kuikunja na kuitumbukiza tu, aende nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Nje mstari ulikuwa mrefu. Mnyapara alikuwa akikohoa. Tangu utotoni Mama Satoru alifundishwa kwamba mtu mwenye adabu hasumbui wenzake. Lakini alikumbuka cheti kilicho juu ya jiko. Alikunja karatasi, akafungua pazia.

"Bi Hana," aliita, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimekosea. Naomba nyingine."

Chumba kizima kiligeuka. Mashavu yalimwaka, lakini hakuinamisha kichwa.

"Ndiyo, dada. Usinionyeshe," alisema Bi Hana. Aliandika juu ya karatasi ile kwamba imeharibika, akaitia ndani ya bahasha, akampa mpya. Hata dakika haikuisha. Safari hii Mama Satoru aliweka X ndani ya kisanduku, nyembamba na iliyonyooka, akaitumbukiza karatasi sandukuni mwenyewe.

Alipokuwa akitoka, alimsikia mnyapara akimwambia Bi Hana kwa sauti ya chini, "Kumbe inaruhusiwa? Basi na mimi nipe nyingine."

Matokeo ya Hawaii yalileta kizaazaa. Kwanza ilisemwa Nixon ameshinda kwa kura mia moja arobaini na moja. Genichi aliimba siku nzima akipeleka tofu. Kisha ikaamriwa kura zihesabiwe upya. Kwa siku nyingi watu waliketi wakikagua karatasi moja moja, pamoja na alama zake. Mwishoni mwa Desemba jibu lilitoka: Kennedy ameshinda Hawaii kwa kura mia moja na kumi na tano.

Bi Hana alikuja na gazeti mkononi. "Mna habari? Visiwa vyote hivi vina vituo mia mbili arobaini. Ukivigawia hizo kura mia na kumi na tano, haifiki hata kura moja kwa kituo."

Mama Satoru alikaa juu ya gunia la soya. Alifikiria duara lake, na jinsi alivyokaribia kuliacha lipite. Machozi yalimtoka, naye akayafuta kwa aproni bila kujificha.

"Kwa hiyo kituo chetu umekibeba wewe," Genichi alinung'unika.

"Na wewe umeshindwa tena, Baba Satoru. Pole."

"Mwaka huu nimeshindwa na watu," alisema Genichi, akijimiminia chai. "Nashukuru. Mwaka jana nilijishinda mwenyewe."