Majivu ya Bibi Wankyo

Kwetu, upande wa Butiama, mke wa nyumba huamka kabla ya jua. Nafagia uwanja, nawasha moto, napika uji wa ulezi. Mume wangu Fredi anatoa ng'ombe zizini. Zamani aliyetuamsha sote alikuwa mama mkwe wangu, Bibi Wankyo. Ana miaka sitini na tisa, na alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mtama, sauti hiyo ilinyamaza.

Kitu cha kwanza nilichoona ni majivu. Kila asubuhi nilikuta majivu mahali ambapo moto haujawahi kuwashwa. Kidogo mlangoni kwa Mama. Kidogo juu ya kigoda chake. Kidogo hapa na pale, yakifuata njia ya chooni. Niliyafagia. Kesho yake yalikuwepo tena.

Kisha nikaanza kusikia miguu. Alfajiri, kabla jogoo hajawika, kitu kilipita nyuma ya nyumba kikijiburuta. Kwaru, kwaru. Kilisimama, kikaendelea. Nilijifunika shuka hadi kichwani. Mimi si mwoga, lakini usiniulize habari za alfajiri zile.

Mama naye alibadilika. Aliacha kula na sisi. Nikimpa maji, aliyarudisha. Aliacha kwenda kwenye sala za jumuiya, na zamani alikuwa hakosi. Chini ya kitanda chake aliweka ndoo yenye mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka jiwe. Fredi hakujua. Kwetu mtoto wa kiume haingii chumba anacholala mama yake.

Ndipo ndama wa jirani yetu Mugeta akafa. Asubuhi ile Mugeta alikuta majivu kwenye lango la zizi, na alama za mguu uliokuwa ukiburutwa. Mke wake, Euphrasia, ni wa rika la Mama. Walikuwa marafiki tangu walipoolewa hapa kijijini. Lakini yeye ndiye aliyepaza sauti kuliko wote kwamba Mama ni mchawi. Lisemwalo lipo, alisema, na kama halipo laja. Bwana mifugo alieleza kwamba ndama ameuawa na ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Nani alimsikiliza?

Jumatano wazee wanne walimwita Fredi pembeni. Walimwambia amhamishe mama yake kabla ya Jumapili, ampeleke kwa ndugu zake Buhemba. Vijana wamekasirika, walisema, na wao hawataweza kuwazuia. Fredi alirudi nyumbani akanieleza. Kila mtu huku anajua maana ya maneno yale. Vikongwe wameuawa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Alhamisi, Mama alipokuwa jikoni, niliingia chumbani kwake. Nilitoa jiwe. Nilifunua ndoo.

Hamkuwa na hirizi wala mifupa. Kulikuwa na vipande vya khanga kuukuu, vimelowa, vinanuka mkojo. Kando ya ndoo kulikuwa na kopo la majivu.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, Mama."

Alitaka kuketi taratibu, miguu ikamshinda, akaanguka kitandani kama mzigo. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku tulipomzika baba mkwe.

"Mkojo unanitokaga, mwanangu. Nikikohoa, unatoka. Nikibeba maji, unatoka. Chooni sifiki, miguu haina nguvu tena. Nikimwaga majivu panakauka, na harufu inaisha. Siku ile ndama alipokufa, nilikuwa naenda mtoni kufua, watu wasinione. Pale kwa Mugeta miguu ikakataa, nikashika lango, mkojo ukatoka, nikamwaga majivu. Sasa ningesema nini? Bora waniite mchawi kuliko waniite kikojozi."

Niliona aibu kubwa. Miezi yote ile nilikuwa nimemwogopa mama huyu, naye alikuwa anatuogopa sisi.

Siku hiyohiyo nilimwita Yunis, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Tulijifungia chumbani wanawake watatu. Yunis hakucheka wala hakuziba pua. Alimuuliza Mama amezaa mara ngapi. Mara tisa. Anakula nini? Uji, na ugali kidogo. Anakunywa maji kiasi gani? Kikombe kimoja kwa siku, ili mkojo usije.

"Huu si uchawi wala laana," Yunis alisema. "Wala si jambo la kuvumilia tu kwa sababu umezeeka. Chini ya kibofu kuna misuli inayokishikilia. Kuzaa kunailegeza, na hedhi ikikoma inazidi kulegea. Misuli ya mapaja nayo inapungua, hasa mtu akikaa tu na kula uji mtupu. Basi mkojo unakuja haraka, na miguu inakwenda polepole."

Akamfundisha kubana misuli ile ya chini, kama mtu anayezuia mkojo na hewa ya tumboni kwa pamoja. Abane, ahesabu hadi tano. Alegeze, ahesabu tena hadi tano. Afanye hivyo mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Asizuie pumzi. Asifanye zoezi hilo wakati anakojoa. Kisha Yunis akaleta kiti imara, akakiegemeza ukutani. Mama asimame na kuketi mara tano, polepole, akijishika mpaka apate nguvu.

Kile kikombe kimoja cha maji kilimfanya Yunis atikise kichwa. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, alieleza. Mama anywe vikombe sita hadi vinane mchana, apunguze jioni. Aende chooni kila baada ya saa mbili, asingoje kubanwa. Na ale dagaa, maharage, mayai na maziwa, kwa sababu misuli haijengwi kwa uji peke yake.

"Ila kwanza tunakwenda kituo cha afya," alisema. "Wapime mkojo na sukari, maana maambukizi na kisukari vinaletaga hali kama hii. Na ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukikataa kutoka, au miguu ikafa ganzi ghafla, usikae nyumbani hata siku moja."

Ijumaa tulikwenda. Sukari ilikuwa sawa. Maambukizi yalikuwepo, Mama akapewa dawa.

Jumamosi jioni ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwetu. Walikuja watu wengi kuliko kawaida, na wengi hawakuja kusali. Vijana walisimama kando, mikono nyuma. Mama akatoka ndani ameshika bega langu. Mkononi alikuwa na kopo lake. Aliliweka chini, katikati ya watu, na walio karibu wakarudi nyuma.

"Haya ni majivu ya jikoni kwangu," alisema. "Nayamwagaga nikijikojolea. Nimezaa watoto tisa, na mkojo unanitoka. Ndama sikumgusa. Anayetaka kuniua, aniue kwa kosa hilo la kujikojolea."

Hakuna aliyecheka. Yunis alisimama, akaeleza yote aliyotueleza chumbani. Fredi alimshika mama yake mkono, akalia mbele za watu. Kijana mmoja aliondoka, kisha wengine wakamfuata. Euphrasia alikuwa ametazama chini muda wote.

Sasa ni miezi minne. Mama hajakosa zoezi hata siku moja. Akikohoa sana, tone hutoka bado, lakini chooni anafika. Ile kwaru kwaru imekwisha. Sauti imerudi, na sasa tunaamshwa mapema kuliko tunavyopenda.

Juzi alfajiri nilikwenda kisimani. Nilipofika kwa Mugeta nilisimama, mwili ukanisisimka kama zamani. Njiani, kutoka mlangoni hadi chooni, kulikuwa na majivu. Mbele kidogo mtu alikuwa ameinama kwenye ukungu. Alikuwa Euphrasia. Aliponiona alificha kopo ndani ya khanga, akanisalimia bila kunitazama.

Nilirudi mbio nikamweleza Mama. Nilidhani atacheka. Mimi ningecheka. Yeye aliinuka kitini bila kushika kitu, akakibeba kiti hichohicho kichwani, akaenda hadi kwa Euphrasia. Nilimfuata nyuma. Alibisha hodi, na mlango ukafunguka kidogo.

"Rafiki yangu," Mama alisema, "tuanze na mara tano."

Euphrasia akaufungua mlango wote.