Chiriku na Gari la Mzee Kizibao

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Chiriku alikuwa na kazi moja katika gereji ya mjomba wake: kufuta spana na kuzipanga ubaoni, ndogo kushoto, kubwa kulia. Kazi yenyewe si ngumu, ila ilichelewa kwisha kwa sababu ya mdomo. Chiriku si jina aliloandikishwa shuleni, lakini ndilo lililomkaa. Alizungumza na wateja, akazungumza na paka wa jirani, na wakikosekana wote alizungumza na spana. Siku akinyamaza, watu wa nyumbani humgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi hiyo alikuwa na la kusema kweli kweli. "Mjomba, leo ndiyo leo! Hili gari tutalinunua, sivyo? Usilikatae kama yale mengine. Nimeshalipatia jina. Linaitwa Kobe."

"Hujaliona na umeshalibatiza?" Mjomba alicheka hadi kitambi kikatikisika. "Haya, futa hiyo spana. Gari huulizwa kwanza, halafu ndipo hupewa jina."

Mama yake Chiriku alikuwa mkunga. Aliwafuata kina mama wajawazito majumbani mwao kwa miguu, jua lake, mvua yake, na jioni alirudi akaloweka nyayo katika maji ya chumvi. Ndipo mdogo wake, huyu mjomba fundi, alipomwahidi kwamba watatafuta gari dogo la zamani naye atalifufua. Walishaona mawili. La kwanza lilikuwa limezama mafurikoni, la pili lilipinda mgongo kama ndizi. Yote mjomba aliyakataa. Chiriku naye, bila kutumwa na mtu, alikuwa ameshawatangazia wenzake darasani: "Mama yangu ana gari." Hakusema atakuwa nalo. Alisema analo! Sasa kila siku walimuuliza mbona hawalioni, naye alikuwa ameishiwa visingizio.

Gari lenyewe lilikuwa bandani kwa fundi cherehani mstaafu, mzee aliyevaa kizibao cha suti hata akiwa anawapa kuku maji. Mtaa mzima walimwita Mzee Kizibao. Chiriku, mama na mjomba walimkuta mlangoni mwa banda.

"Shikamoo babu," Chiriku aliamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Karibuni, karibuni. Huyo hapo mzee mwenzangu."

Lo! Lilikuwa gari dogo la mviringo, la rangi ya maziwa, taa zake mbili zimetoka kama macho ya mtu aliyeshangaa. Chiriku alilipenda hapo hapo. Kwenye kiti cha nyuma alikaa kuku mwekundu, ametulia kama abiria aliyekwisha lipa nauli.

"Huyo ni mpangaji wangu," alisema Mzee Kizibao. "Hutaga humo. Hata sijui huingiaje. Mwacheni, akimaliza atatoka."

Mjomba alilikaribia gari. Aliweka kiganja juu ya boneti, akatulia kama daktari. "Baridi," alisema, akatabasamu. "Ahsante, mzee. Gari likiwashwa kabla ya mgeni kufika, hapo pana siri. Injini ya baridi ndiyo husema kweli."

Kisha akagawa kazi kama kawaida yake. Yeye alichukua injini. Mama alichukua usukani, taa na breki, maana yeye ndiye angeliendesha. Chiriku alichukua kazi ambayo kitambi cha mjomba hakikuiruhusu: kupenya katika vijipembe na kukagua bodi na sakafu. Vifaa vyake vilikuwa sumaku iliyofungwa kitambaa, ili isikwaruze rangi, na bisibisi kuukuu. Sumaku ikinasa, hapo pana bati. Ikidondoka, hapo pamezibwa shimo kwa puti, pakapakwa rangi juu. Akimaliza kila sehemu alipaza sauti, "Safi!" au "Bovu!" na mjomba hakurudia kuangalia. Alimwamini.

"Mlango wa kushoto, safi!" Chiriku aliimba. "Mlango wa kulia, safi! Buti, safi! Mjomba, hata sumaku imelipenda, haitaki kubanduka!"

"Chema chajiuza," alisema mjomba kutoka ndani ya boneti. "Endelea. Bado sakafu."

Chiriku akaingia nyuma ya kiti cha dereva, akainua zulia. Lilikuwa zito, lina unyevu, na pembeni lilikuwa limechanika. Aligusa bati kwa bisibisi. Bisibisi ikazama. Akagusa tena, kutu ikamomonyoka kama mkate mkavu, na mbele yake likabaki tundu pana kama sahani. Aliona udongo wa bandani, akaona na mdudu akipita zake. Mbaya zaidi, kutu ilikuwa imetambaa hadi kwenye bolti zinazoshika kiti cha dereva.

Akilini alimwona mjomba akitikisa kichwa kwa mara ya tatu. Aliwaona wenzake darasani wakicheka. Akajiambia, ni tundu tu, mjomba ataligundua akianza matengenezo, na wakati huo Kobe atakuwa nyumbani tayari. Akarudisha zulia, akalikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Sakafu vipi?" mjomba aliuliza.

"Safi," alisema Chiriku, kwa sauti ndogo.

Alitoka, akafunga mlango, akaenda kusimama kando ya ukuta. Mjomba aliunga betri aliyokuja nayo. Gari lilikohoa, likakohoa tena, kisha likaunguruma vizuri. Mzee Kizibao akapiga makofi. Mama akacheka kama msichana. Chiriku peke yake hakusema neno.

"Makubwa!" alisema mama. "Chiriku kanyamaza? Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Kabla hajajibu, kitu kilimgusa mguuni. Alikuwa yule kuku mwekundu, akijikung'uta mavumbi. Wote wakamtazama. Milango yote minne ilikuwa imefungwa.

"Huyu kuku katokea wapi?" mjomba aliuliza.

Chiriku aliwaza lile tundu na zulia lililochanika, masikio yakamwaka moto. Lakini Mzee Kizibao alipunga mkono. "Dirisha la nyuma halipandi mpaka juu. Atakuwa amejipenyeza hapo, mjanja huyo." Mjomba akalitazama dirisha, akaona kweli limeacha mwanya, akaguna na kuacha.

Basi, mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyejua, hakuna ambaye angejua. Chiriku angeweza kupumua. Lakini mama alikuwa ameshafungua mlango, ameketi kwenye kiti cha dereva na kushika usukani kwa mikono miwili. "Nilizungushe hadi barabarani nione breki," alisema. Uso wake uling'aa. Kiti kililia kidogo, krii, kikayumba nyuma.

"Mama, shuka!" Chiriku alipiga kelele mpaka kuku akaruka. "Shuka, mama, tafadhali! Sakafu si safi. Nimedanganya!"

Mama alizima injini, akashuka. Chiriku, machozi yakimtoka, aliinua zulia mwenyewe akawaonyesha. Mjomba alipiga magoti kwa taabu, akatikisa kiti kwa mkono, na bolti moja ikang'oka na kipande cha bati.

"Hiki kingechomoka kwenye breki ya kwanza," alisema polepole. Akamgeukia mpwa wake. "Kwa nini?"

"Niliogopa utalikataa. Nami nimewaambia watu tunalo."

Mama hakumgombeza, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kugombezwa. Mzee Kizibao naye alikuwa ameshika kichwa. "Jamani, zulia hilo nililitandika mimi. Mvua ikivuja nilifuta juu, nikaona pakavu. Nisameheni. Wallahi sikujua!"

Mjomba alimrudishia Chiriku sumaku. "Anza upya. Mlango wa kushoto."

"Lakini milango ilikuwa safi kweli, mjomba!"

"Nitajuaje? 'Safi' moja ya uongo imeziua 'safi' zako zote."

Chiriku alianza upya. Safari hii hakuimba. Mjomba alikagua nyuma yake kila alipogusa, na kila mahali pakawa kama alivyosema mwanzo, isipokuwa sakafu. Mwisho mjomba alijifuta mikono, akakuna kidevu, akasema maneno ambayo Chiriku hakuyatarajia kabisa: "Dada, tulichukue. Injini ni nzima, mgongo umenyooka. Sakafu nitaikata nichomelee bati jipya. Ugonjwa ukijulikana, dawa ipo. Ila haliendeshwi leo. Litabebwa."

Wakubwa wakapatana bei upya kwa maelewano, na Kobe akaondoka juu ya lori. Kuku mwekundu alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha nyuma, akagoma kushuka, basi Mzee Kizibao akampa Chiriku.

Jumatatu darasani Chiriku alisimama mwenyewe. "Siku ile sikuwa na gari," alisema. "Nilikuwa na mdomo." Walicheka, naye akacheka nao. Likizo nzima alisugua kutu kwa brashi na msasa hadi vidole vikawa vyekundu kama udongo, huku mjomba akichomelea. Na alizungumza, jamani, alizungumza mchana kutwa!

Siku ya kwanza ya gari kufanya kazi, mama alitoka na mkoba wake wa ukunga, akasimama mbele ya Kobe. "Mkaguzi," aliita, "sakafu vipi?"

Chiriku alifungua mlango mbio, akashika pembe ya zulia jipya. "Njoo uone mwenyewe, mama."

Mama alimshika mkono. "Subiri. Maji yangeachwa wazi, yangekauka, mwanangu. Yaliyofunikwa zulia ndiyo yaliyotoboa chuma. Kosa nalo ni hivyo hivyo. Siku ile ungelifunika lako moja kwa moja, lingetutoboa sisi. Ulilifunua, ingawa hakuna aliyekulazimisha." Akamwachisha zulia, likarudi mahali pake. "Sihitaji kuona. Niambie tu."

Chiriku alisimama wima. "Safi," alisema.

Mama akaketi, akafunga mkanda, akawasha gari. Kiti hakikulia.