Cheche za Khadijah

Maonyesho ya magari ya kale pale mji wa Richfield, huko ughaibuni, yalifurika watu, na Shaaban, muuza viungo wa mji wa Brooklyn Center, alikuwa anapita tu kutafuta kahawa. Ndipo akamwona msichana mwenye ovaroli ya buluu na mtandio wa zambarau aliofunga kisogoni, akishughulikia gari la mwaka 1915.

Injini ilikuwa inakohoa. Msichana alibonyeza visanduku vinne vya koili zinazotoa cheche, kimoja kwa kila silinda, sikio ametega. Alipofika cha tatu, mlio haukubadilika, maana silinda yake ilikuwa imelala, haiwaki. Akakibadilisha na cha pili. Silinda iliyolala ikabaki ileile. Basi koili ilikuwa nzima. Akafuata waya wake kwa vidole mpaka akapata mahali kitambaa kilichouvika kilipochakaa, cheche ikivujia kwenye chuma. Akatia waya mpya, na injini ikanguruma vizuri. Shaaban akasahau kahawa yake.

"Dada, umejuaje?" aliuliza, maana alimsikia akijisemea Kiswahili cha Mombasa.

"Nimesikiliza. Jaribu na wewe siku moja, utapunguza maneno."

Shaaban akacheka, akaomba namba ya simu, na msichana akampa, akisema anaitwa Khadijah. Shaaban akawa anampigia kila jioni kwenye gereji yake kule mji wa Savage, naye Khadijah akiweka simu kando huku akipima nyaya. Shaaban alimtania kwamba ananuka oili. Khadijah alimjibu kwamba yeye ananuka iliki, na kwamba iliki anaipenda.

Mambo yaliharibika siku Khadijah alipoalikwa biriani kwa mama yake Shaaban, Bi Saada. Khadijah alikuja na dera la kijani, amependeza. Bi Saada akamkaribisha kwa furaha, akasema Shaaban amemwambia kwamba msichana huyu anafanya kazi benki.

Khadijah akamtazama Shaaban. Shaaban akatazama sahani.

Khadijah alikula, akashukuru, akaaga. Shaaban alimfuata mpaka nje.

"Umenionea haya," Khadijah alisema.

"Nilitaka mama akupende kwanza."

"Angempenda nani, Shaaban?"

Tangu hapo simu za Shaaban hazikupokelewa. Akashindwa kutulia, akamweleza mama yake ukweli wote. Bi Saada hakukasirishwa na kazi ya msichana. Alikasirishwa na kudanganywa. Akavaa buibui, akamwambia mwanawe awashe gari wamfuate huyo fundi kazini kwake.

Walimkuta Khadijah amemaliza kufunga nyaya za gari jingine la kale. Akamwamkia Bi Saada kwa heshima, lakini Shaaban akampa mgongo. Bi Saada akaomba kuonyeshwa, naye akamwonyesha jinsi cheche inavyoruka, moja kwa kila silinda, kwa zamu yake. Mama akainama kutazama, macho yamemtoka kama mtoto.

Shaaban akaomba apige hendeli ya mbele kuwasha injini.

"Kidole gumba kikae upande mmoja na vingine," Khadijah alimwambia. "Ikirudi kwa nguvu, itakuvunja mkono."

Akatii. Injini ikaitika mara ya kwanza. Shaaban akainuka, jasho usoni.

"Mama, huyu ndiye Khadijah, fundi wa umeme wa magari ya kale. Sijaona mtu hodari kama yeye. Nilimficha, na nilimkosea. Khadijah, nisamehe."

Bi Saada alipapasa mlango wa gari linalotetemeka, kisha akatoa simu kwenye mkoba.

"Khadijah mwanangu, babako yuko Mombasa?"

"Yuko, mama."

"Nipe namba yake, nilete posa."

Khadijah akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, akimtazama Shaaban machoni. Kisha akaanza kuitaja.