Miezi Saba ya Kuanguka

Posta ilikuwa imefurika siku hiyo, kama kawaida ya kila Jumatatu. Mpima macho alisimama kwenye foleni ya vifurushi, amevaa gauni la buluu lililonyooshwa vizuri, mkoba umebanwa kwapani. Wiki mbili kabla alikuwa ameporwa mchana kweupe, na tangu hapo kila aliyemsogelea alimwona mwizi. Kwa hiyo mkono wa mwanamume ulipougusa mkoba wake kwa nyuma, hakuuliza. Aligeuka akamtandika ngumi ya kifua.

Mwanamume hakuyumba hata kidogo. Alikuwa mrefu, mwenye shati jeupe lililotapakaa vinywele vya watu mabegani, ananukia poda na spiriti. Kwamba ni kinyozi, hapakuwa na haja ya kuuliza.

"Samahani, dada. Zipu iko wazi, kitambulisho chako kilikuwa kinadondoka," alisema, akamkabidhi. Kisha akaitazama ile ngumi, ambayo bado ilikuwa hewani. "Ila dole gumba halifichwi ndani. Siku ukimpiga mtu sawasawa, utalivunja mwenyewe."

Foleni nzima ilicheka. Yeye akatamani ardhi ipasuke. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na hadi wanafika dirishani alikuwa ameshaambiwa kwamba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya soko, kuna ukumbi ambako watu hujifunza karate Jumatano jioni na Jumamosi mchana.

Jumamosi hiyo akapanda ngazi.

Mwalimu alikuwa askari magereza mstaafu, mwanamke mfupi mwenye matege, ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Kwanza alimsimamisha mwanafunzi wake magoti yamekunjwa mpaka mapaja yakatetemeka. Kisha akamfundisha kata, ule mfululizo wa hatua, vizuizi na mapigo unaoufanya peke yako kana kwamba maadui wamekuzunguka. Alimkataza kutazama sakafu. Adui hayuko sakafuni, alisema, na kama humwoni basi unacheza ngoma. Mpima macho alifanya kata yake kwenye kibaraza cha nyumbani hadi mama yake akazoea kupita kando na ndoo bila kupigwa kiwiko.

Baada ya kata yakaja ya kujihami mitaani: kujinasua ukikamatwa mkono, kumbeba mtu nyongani na kumtupa chini. Mwenziwe wa mazoezi akawa Kinyozi. Kila alipomtupa, Kinyozi alianguka kwa kishindo kizuri juu ya godoro, akainuka anacheka, akijipangusa vumbi. Ni yeye aliyembandika Mpima macho jina la Dole, kwa ile ngumi ya posta.

Zile zilikuwa siku za simu ya mezani, yenye waya uliojisokota, iliyokaa sebuleni kwa mama chini ya kitambaa cha kufuma. Ikilia saa moja jioni, mama alitoka kwa heshima zake akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Dole, nyonga inaendeleaje?"

"Inauliza nani mwenzangu."

"Iambie ni yule inayemwangusha kila Jumamosi."

"Basi ajiandae. Wiki hii ataanguka mara kumi."

"Kwako nilishaanguka zamani, mpenzi. Hizo nyingine ni nyongeza tu."

Miezi saba ikaenda hivyo. Mpima macho alitembea mjini kichwa juu, kwa mwendo ambao hata yeye alikuwa ameusahau.

Kisha siku moja, saa ya chakula cha mchana, kijana mmoja alimkamata mkono kwenye ngazi za soko na kuuvuta mkoba. Hakuogopa. Aliingiza nyonga kama alivyofundishwa, akavuta, akageuka. Yule kijana alisimama kama nguzo ya umeme. Kisha akamsukuma, na mkoba ukaenda, na yeye akabiringika ngazi sita mpaka kifundo cha mkono kikavunjika.

Alitoka hospitalini moja kwa moja hadi kinyozini, mkono umefungwa plasta. Kwenye kiti alikaa mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Ulikuwa unaanguka mwenyewe," alimwambia Kinyozi.

Kinyozi alizima mashine. Angeweza kukana. Alitazama ile plasta akashindwa.

"Ulikuwa unafurahi sana," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kukuvunja moyo."

"Sasa umenivunja mkono."

Akaondoka. Yule mteja, nusu kichwa na vyote, alimwambia Kinyozi amfuate, lakini Kinyozi alibaki amesimama na mashine mkononi.

Simu ikalia sebuleni jioni baada ya jioni. Mama aliipokea akasema binti hayupo, huku binti amekaa mbele yake akimenya vitunguu kwa mkono mmoja. Ukumbini nako Mwalimu alimweleza Kinyozi maneno machache. Alimwambia kwamba mwizi alichukua mkoba tu, lakini yeye alimchukulia mwenzake miezi saba. Akamkataza kugusa godoro mpaka Dole mwenyewe aseme vingine.

Mwezi wa tatu tangu siku hiyo, Kinyozi aliingia duka la miwani, akachukua namba kama mteja yeyote, akakaa kwenye benchi hadi akaitwa. Plasta ilikuwa imetolewa, mkono ukabaki mwembamba na mweupe kidogo kuliko mwenzake. Mpima macho hakumsalimu. Alimfunika jicho la kushoto.

"Soma mstari wa tatu."

"Siuoni."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi tena," alisema Kinyozi. "Siuoni. Na hiyo siyo iliyonileta."

Alikaa wima, jicho moja bado limefunikwa. Kisha akasema kwamba alimpenda kama mtu anayembembeleza mtoto, na kwamba aliona aibu, kwa sababu Dole hakuwa mtoto. Hakuomba arudiwe. Aliomba tu ampe nafasi ya kusimama.

Mpima macho aliandika namba za lenzi kwenye kadi, polepole, kwa ule mkono uliopona.

"Jumamosi," alisema hatimaye. "Simama kweli. Ukianguka mwenyewe hata mara moja, nitajua, na hutaniona tena."

Kinyozi akasimama. Jumamosi ya kwanza Mpima macho hakumwondoa hata kisigino. Ya pili alilia kwa hasira chooni, akanawa uso, akarudi. Mwalimu alimrudisha kwenye kata, kwenye ule mgeuko ambao alikuwa akiufanya haraka haraka, akamwonyesha kwamba kumbe mtupo mzima ulikuwa umo humo tangu mwanzo, uzito ukishuka kabla ya nyonga kuingia. Alijaribu Jumamosi tisa. Kinyozi aliteseka kuliko yeye, akimtazama anavyochoka, na hakumpa hata inchi.

Ya kumi mvua ilikuwa ikipiga bati mpaka watu hawasikilizani. Mpima macho alishusha uzito, akaingiza nyonga, akageuka. Kinyozi aliruka hewani na mshangao wa kweli usoni, akatua kwa mgongo, pumzi ikamkatika. Alilala pale mdomo wazi. Yeye akapiga magoti, ameogopa, akamshika mashavu.

Pumzi iliporudi, neno la kwanza alilolitoa lilikuwa, "Nioe."

"Mwanamume haolewi," alisema, machozi yakimtiririka.

"Basi nitawatuma wazee kwa mama. Lakini uliyeshinda ni wewe."

Leo ule ukumbi ni stoo ya vigae, na Mwalimu ameshazikwa. Wao wawili wamezeeka pamoja, na magoti hayaruhusu tena kutupana. Wageni humwona mzee yule hana adabu, kwa jinsi anavyoonja mchuzi wa mkewe mbele za watu, akafikiri, na kusema waziwazi kwamba leo chumvi imezidi. Mkewe huinuka kwenda kuleta maji, na anapofika jikoni, ambako hakuna anayemwona, hutabasamu peke yake.